John Garang: Miaka 21 msituni, siku 21 ofisini, kisha chopa ikaanguka

Jioni ya Julai 30, 2005, chopa aina ya Mi-172 iliondoka Entebbe, Uganda, ikielekea New Site, kambi iliyoko kusini mwa Sudan karibu na mpaka wa Kenya. Ndani yake walikuwa watu 14. Mmoja wao alikuwa na siku 21 tu tangu aapishwe kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan: Dk John Garang de Mabior.

Chopa haikufika.

Yatima aliyepitia Tanzania

Garang alizaliwa Juni 23, 1945 katika familia ya Kidinka, eneo la Bor. Wazazi wake walifariki akiwa bado mdogo, ndugu wakabeba jukumu la kumsomesha.

Mwaka 1962, akiwa kijana mdogo, alitaka kuingia kwenye vita ya kusini dhidi ya serikali ya Khartoum. Wakubwa wakamwambia asome kwanza. Ndivyo alivyojikuta Tanzania, alikomalizia sekondari.

Baadaye akaenda Marekani, chuo cha Grinnell, Iowa, akapata shahada ya uchumi mwaka 1969. Badala ya kubaki huko aendelee kusoma, akarudi zake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea uchumi wa kilimo wa Afrika Mashariki. Mlimani wakati huo kulikuwa kumechangamka kisiasa, na huko ndiko alikofahamiana na kijana mwingine mwenye moto, Yoweri Museveni.

Urafiki huo ulidumu mpaka siku ya mwisho.

Alitumwa kutuliza uasi, akauongoza

Baada ya mkataba wa Addis Ababa wa 1972, waasi wa kusini waliingizwa jeshini. Garang akapanda vyeo hadi kanali. Katikati ya hapo akarudi Iowa, akatoka na udaktari wa uchumi wa kilimo mwaka 1981. Utafiti wake ulihusu mfereji wa Jonglei, mradi mkubwa wa maji ya Mto Nile.

Mei 1983, kikosi cha wanajeshi wa kusini kilichokuwa Bor kiliasi. Khartoum ikamtuma Garang akaongee nao. Kilichotokea ni kinyume kabisa: alijiunga nao, akakimbilia Ethiopia, akawa kiongozi wa SPLA na chama chake, SPLM.

Tofauti na wengi wa kusini, hakuhubiri kujitenga. Alitaka Sudan moja mpya, isiyombagua mtu kwa dini wala rangi.

Lakini tusimpambe. Wenzake walimlaumu kwamba kila uamuzi unaishia mezani kwake. Mwaka 1991 Riek Machar na Lam Akol wakamgeuka, harakati zikapasuka, na raia wengi wa Bor wakauawa. Ndugu waliwaua ndugu.

Amani, halafu safari

Mazungumzo ya Kenya yaliyosimamiwa na Jenerali Lazaro Sumbeiywo yalizaa mkataba uliosainiwa Nairobi, Januari 9, 2005. Julai 8 Garang alitua Khartoum na kupokewa na umati mkubwa, wakiwemo watu wa kaskazini. Kesho yake akaapishwa.

Wiki tatu baadaye alikwenda Rwakitura, magharibi mwa Uganda, kumwona Museveni. Akapewa chopa ya rais imrudishe.

Kwa sifa, chopa hiyo si ya kubeza. Mi-172 ni toleo la abiria la Mi-17, iliyotokana na Mi-8 ya mbunifu Mrusi Mikhail Mil. Zaidi ya 12,000 za ukoo huo zimetengenezwa. Zinabeba wanajeshi, wagonjwa, chakula cha msaada na marais. Zina injini mbili juu ya kibanda cha abiria: moja ikizima, ya pili inaweza kuibeba chopa mpaka rubani atafute pa kutua.

Ila injini mbili hazimsaidii rubani asiyeona mlima ulio mbele yake. Mtu wa Mollo, anayejua jinsi wingu linavyoweza kuimeza Milima ya Mbizi kwa dakika chache, hahitaji kuelezwa sana. Giza lilikuwa linaingia na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Chopa ikagonga milima ya Zulia, karibu na mpaka wa Uganda. Abiria saba na wafanyakazi saba wa chopa, wote wakafa.

Televisheni ya Sudan ilitangaza kwanza kwamba ametua salama. Serikali ikakanusha baadaye. Kifo kilipothibitishwa, Khartoum na Juba zikalipuka, makumi ya watu wakauawa kwenye ghasia. Wengi waliamini ni hujuma. Tume ya uchunguzi haikuthibitisha hilo. Ilielekeza lawama kwenye makosa ya urubani.

Alichoacha

Garang alizikwa Juba, Agosti 6, 2005. Salva Kiir akashika nafasi yake.

Januari 2011 watu wa kusini walipiga kura, karibu asilimia 99 wakachagua kujitenga. Julai 9, miaka sita kamili tangu Garang aapishwe, Sudan Kusini ikawa nchi. Desemba 2013 vita ikazuka tena, safari hii kati ya watu wa Kiir na wa Machar.

Kama Garang angeishi ingekuwaje, hakuna anayejua. Kinachojulikana ni kwamba ndoto ya Sudan moja ilimtegemea mno mtu mmoja. Chopa iliyomuua ilikuwa na injini ya akiba. Ndoto yake haikuwa nayo.