BISMARCK NA DENI LA JERAHA LA KAZINI

Otto von Bismarck anakumbukwa barani Afrika kwa Mkutano wa Berlin, ulioanza Novemba, 1884 chini ya uenyekiti wake, ambao uliweka kanuni za mataifa ya Ulaya kujitwalia bara hili. Wachache hukumbuka kwamba miezi minne kabla ya mkutano huo, tarehe 6 Julai, 1884, Ujerumani ilipata sheria ya bima ya ajali za kazini iliyotokana na juhudi zake. Mambo hayo mawili yanastahili kutazamwa pamoja, hasa kutoka Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu.

Bismarck alizaliwa tarehe 1 Aprili, 1815, huko Schönhausen katika ufalme wa Prussia. Alikuwa mtoto wa mwenye mashamba. Alisomea sheria, akawa mbunge, kisha balozi, na mwaka 1862 akawa Waziri Mkuu wa Prussia. Baada ya vita dhidi ya Denmark, Austria na Ufaransa, madola ya Kijerumani yaliungana mwaka 1871, naye akawa Kansela wa kwanza. Mwenyewe alionja jeraha la kazini: Julai, 1874, mjini Kissingen, fundi wa mapipa alimpiga risasi na kumjeruhi mkono.

Zama hizo mashine za viwandani zilikata vidole na migodi iliwafukia watu. Sheria ya mwaka 1871 ilimtaka mfanyakazi wa kiwandani athibitishe mahakamani kwamba ajali ilitokana na kosa la mwajiri au msimamizi. Maskini aliyepoteza mkono angemshitaki vipi tajiri, hali mashahidi wake ni wenziwe wanaoogopa kufukuzwa kazi?

Bismarck hakusukumwa na huruma peke yake. Mwaka 1878 aliwapiga marufuku Wasoshalisti, kisha akatambua kwamba nguvu za polisi pekee hazingewavuta wafanyakazi upande wa serikali. Miswada ya mwaka 1881 na 1882 ilikwama. Wa tatu ukapita.

Sheria hiyo iliondoa swali la nani mwenye kosa. Waajiri walilazimishwa kujiunga katika vyama vya bima na kulipa michango yote. Kwa wiki 13 za mwanzo majeruhi alihudumiwa na mfuko wa ugonjwa. Baada ya hapo, ikiwa hawezi kazi kabisa, alipata theluthi mbili ya mshahara wake. Akifa, mjane alipata asilimia 20 ya mshahara huo. Aliyejiumiza kwa makusudi hakupata kitu. Vyama hivyo vilipewa pia uwezo wa kutunga kanuni za usalama, kwani kila ajali iliyozuiwa ilipunguza gharama. Hata hivyo, Bismarck mwenyewe alipinga kupanuliwa kwa ukaguzi wa viwanda. Aliondoka madarakani Machi, 1890, akafariki dunia tarehe 30 Julai, 1898.

Mapatano ya mipaka ya mwaka 1910 yaliiacha Gisenyi upande wa Wajerumani na Goma upande wa Wabelgiji. Vita vilipozuka mwaka 1914, mji huo ukawa mstari wa mbele hadi Wabelgiji walipouteka mwaka 1916. Waliopigana walikuwa zaidi Waafrika, na nyuma yao walikuwa wapagazi, wengi wao wa kulazimishwa. Sheria ya mwaka 1884 haikuwahusu. Mpagazi aliyevunjika mguu chini ya mzigo wa risasi hakuwa na mfuko wala daftari lenye jina lake. Katika miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi iliwalipa askari wazee waliosalia. Wengi wa wenzao walikwisha kuzikwa.

Leo msingi ule umefika Gisenyi. Rwanda iliweka pensheni na ajali za kazini katika sheria moja mwaka 1974, na mchango wa ajali, asilimia 2 ya mshahara, hulipwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha mji huo akiumia, haombi sadaka. Anadai haki yake.

Askari wa jeshi na wa polisi wana taratibu zao za fidia, lakini funzo ni lile lile. Sheria ya kale ilimwondolea majeruhi mzigo wa kuthibitisha kosa la mkubwa wake. Haikumwondolea mzigo wa kuonyesha kwamba aliumia akiwa kazini. Kwa hiyo jeraha, hata likionekana dogo, liandikwe siku hiyo hiyo katika daftari la matukio, pamoja na mahali, saa na mashahidi, na cheti cha daktari kihifadhiwe. Mkuu wa kikosi anayeficha ajali ili taarifa yake ionekane safi, anamnyang'anya mjane ambaye bado hajamfahamu.