Jaji Blackmun na Hukumu Iliyofutwa

Harry Blackmun alizaliwa mwaka 1908 katika jimbo la Illinois, Marekani. Kabla ya ujaji alikuwa mwanasheria wa hospitali mashuhuri ya Mayo, akazoea kuwasikiliza madaktari. Rais Nixon alimteua katika Mahakama ya Juu mwaka 1970.

Tarehe 22 Januari, 1973, katika kesi ya Roe dhidi ya Wade, ndiye aliyeandika hukumu ya majaji saba dhidi ya wawili: kwamba uhuru unaolindwa na Marekebisho ya 14 ya Katiba wamhusu pia mwanamke anayeamua kutoa mimba, ingawa dola yaweza kuweka masharti kadiri mimba inavyokua. Katiba yenyewe haikulitaja jambo hilo. Waliomshukuru na waliomlaani walimwandikia barua maelfu kwa maelfu.

Marehemu alifariki mwaka 1999. Tarehe 24 Juni, 2022, mahakama ile ile iliifuta hukumu yake, na uamuzi ukarudi majimboni.

Twaona funzo ni moja. Haki iliyosimamishwa kwa tafsiri ya majaji yaweza kuangushwa na majaji wengine. Wananchi wanaotaka haki idumu hawana budi kuijadili kwa uwazi na kuiandika wenyewe katika sheria zao.