C.T. de Wit, Mholanzi aliyeotesha mimea ndani ya kompyuta

Cornelis Teunis de Wit alizaliwa Uholanzi mwaka 1924. Alisomea kilimo Wageningen, akapata udaktari 1953, kisha akafanya kazi Burma. Swali lililomsumbua ni hili: shamba lingeweza kuzaa kiasi gani, na ni nini hasa kinachopunguza mavuno?

Wengi walijibu kwa kupima mavuno, msimu baada ya msimu. Yeye alianzia kwenye jua. Mwaka 1965 alitoa hesabu za namna majani ya shamba zima yanavyotumia mwanga. Baadaye yeye na wenzake waliandika programu zinazokuza mmea hatua kwa hatua: jani, mzizi, maji, udongo.

Faida ilionekana Mali. Baada ya ukame mkali wa Sahel, wengi waliilaumu mvua. Watafiti wa Uholanzi na Mali, wakitumia njia zake kuanzia 1976, walikuta jambo gumu kumeza: ukiacha ukingo wa jangwa, nyasi zilikosa zaidi nitrojeni na fosforasi, zile zilizomo katika mbolea ya NPK. Maji pekee yasingewashibisha ng'ombe.

De Wit alipata Tuzo ya Wolf, akafariki 1993. WOFOST, programu iliyotoka katika shule yake ya Wageningen, ilikuwa kwa lugha ya Fortran. Sasa imeandikwa upya kwa Python, kila sehemu ya mmea ikiwa kitu chenye data na kanuni zake. Mtafiti hubadilisha mizizi bila kubomoa majani. Umoja wa Ulaya hutumia WOFOST kukadiria mavuno.