Heshima ya Mkopaji

Wako watu ambao majina yao hayatajwi katika mazungumzo ya barazani kwetu, ilhali kazi yao imetufikia mpaka mlangoni. Mmoja wao ni Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Mjerumani aliyefariki dunia tarehe 11 Machi, 1888. Mkulima aliyepata kujiunga na chama cha ushirika, na mama anayeweka fedha zake kidogo kidogo katika chama cha kuweka na kukopa, wote wanapita katika njia ambayo mtu huyu alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuifyeka. Twapenda leo kuyasimulia maisha yake, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo kila mtumishi wa serikali na kila mwenye uwezo hana budi kujiuliza: je, yawezekana kumsaidia maskini pasipo kumvunjia heshima yake?

Raiffeisen alizaliwa tarehe 30 Machi, 1818, katika mji mdogo wa Hamm, kando ya mto Sieg, akiwa mtoto wa saba kati ya tisa. Malezi yalibaki zaidi mikononi mwa mama, wala hapakuwa na fedha za kumpeleka katika shule za juu. Mchungaji wa kanisa lao la Kiprotestanti ndiye aliyemfundisha, na imani aliyoipata huko haikumtoka maisha yake yote. Alipotimiza miaka 17 aliingia jeshini. Mwaka 1843 maradhi ya macho yalimlazimisha kutoka, akahamia katika utumishi wa serikali, na mwaka 1845 akawa meya wa Weyerbusch na vijiji vilivyouzunguka, katika nchi ya vilima ya Westerwald.

Hakukaa sana kabla ya kufikwa na mtihani. Viazi vilikuwa vimeshambuliwa na ugonjwa, mavuno ya nafaka yakawa haba, na majira ya baridi ya mwaka 1846 hadi 1847 yakaingia na njaa. Serikali ilileta unga, lakini kwa amri kwamba uuzwe kwa fedha taslimu. Masimulizi ya maisha yake yaeleza kwamba meya huyu kijana aliitazama amri, akawatazama watu wake ambao hawakuwa na hata senti, akaamua kuwagawia unga kwa mkopo. Baadaye aliwakusanya wenye nafasi wa vijiji vile wakatoa fedha, ikanunuliwa nafaka, likajengwa tanuri la mikate, na mikate ikauzwa kwa mkopo kwa takriban nusu ya bei ya soko.

Tunaomba wasomaji watazame vizuri jambo hilo. Angeweza kugawa mkate bure na kusifiwa kwa ukarimu. Badala yake alimwandika mwenye njaa katika daftari kama mtu mwenye deni, yaani mtu anayeaminika kwamba kesho atasimama na kulipa. Anayepewa bure huondoka ameinamisha kichwa, lakini anayekopeshwa kwa haki huondoka na ahadi yake mkononi.

Mwaka 1848 alihamishiwa Flammersfeld. Huko alikuta adui mwingine aliyejificha zaidi kuliko njaa, nao ni mkopo wa riba kubwa. Mkulima asiye na ng'ombe alipewa ng'ombe na mfanyabiashara kwa masharti asiyoweza kuyatimiza. Alimlisha na kumtunza, na siku ya hesabu ilipofika, ng'ombe akachukuliwa na deni likabaki. Wengine walipoteza mashamba yao kwa njia hiyo. Mwaka 1849 Raiffeisen aliunda chama cha watu 60 wenye mali, ambao kwa dhamana ya mali zao waliweza kupata fedha za kununua ng'ombe na kuwapa wakulima, nao wakalipa kidogo kidogo kwa muda wa miaka kadhaa. Mwaka 1852 alihamishiwa Heddesdorf, karibu na Neuwied, na mwaka 1854 akaanzisha huko chama cha hisani kilichokusudia kukopesha wakulima, kulea watoto waliotupwa na kuwapatia kazi wasio na kazi pamoja na waliofunguliwa gerezani.

Hapa ndipo lilipo fundisho kubwa la maisha yake, nalo halikutokana na ushindi. Vyama hivyo vyote vilisimama juu ya huruma ya matajiri, na huruma, hata iliyo ya kweli, huchoka. Tajiri asiyehitaji mkopo alitoa dhamana mwaka wa kwanza na wa pili. Ulipofika mwaka wa kumi alianza kuuliza ataifunga mali yake kwa ajili ya wengine mpaka lini. Raiffeisen, ambaye kwa miaka mingi aliamini kwamba upendo wa Kikristo wa wenye nacho ungetosha kuwainua wasio nacho, alilazimika kukiri kwamba alikosea. Mwaka 1864 chama cha Heddesdorf kiligeuzwa kuwa chama cha mikopo, na sharti lake likawa kwamba anayetaka kukopa kwanza awe mwanachama. Tangu hapo maskini hakuwa tena mgeni aliyekaribishwa nyumbani kwa mtu. Alikuwa mmoja wa wenye nyumba.

Kanuni zake zilikuwa nyepesi kueleza na nzito kutekeleza. Chama kiwe cha eneo dogo, ambamo watu wajuana tabia na mienendo. Kila mwanachama awajibike kwa madeni ya chama kwa mali yake yote. Viongozi wafanye kazi bila ya mshahara, isipokuwa mweka hazina. Faida isigawanywe, bali iwekwe katika akiba isiyogawika, iwe ngao ya chama siku ya shida. Mkopo utolewe kwa kazi yenye manufaa, na muda wa kulipa ufuate majira ya mkulima. Jambo hilo la mwisho lilimletea ugomvi mkubwa na Hermann Schulze-Delitzsch, mwasisi mwingine mashuhuri wa ushirika wa Ujerumani, ambaye aliona ni hatari kukopesha kwa miaka mingi fedha ambazo wenyewe waweza kuzidai mapema. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Lakini Raiffeisen alishikilia kwamba shamba halizai kwa miezi mitatu, na mkopo usiongojea mavuno hauna tofauti na mtego.

Yeye mwenyewe hakutajirika. Mke wake wa kwanza alifariki mwaka 1863. Macho yake yalizidi kufifia, na mwaka 1865 alistaafishwa akiwa na umri wa miaka 47 kwa pensheni ndogo, akajaribu kiwanda cha sigara na kisha biashara ya mvinyo ili familia ipate kuishi. Kitabu chake juu ya vyama vya mikopo kilitoka mwaka 1866. Binti yake Amalie ndiye aliyekuwa macho yake na kalamu yake kwa miaka iliyofuata.

Hatukusudii kumfanya malaika. Katika maandishi yake aliwatupia Wayahudi kwa jumla lawama iliyostahili wakopeshaji wadhalimu, na katika hilo alikuwa kama wengi wa zama zake, lakini wingi wa wakosaji haugeuzi kosa kuwa haki. Dhuluma ya riba haina kabila. Anayepigania heshima ya kundi moja kwa kulitukana jingine huibomoa kwa mkono wa kushoto nyumba aijengayo kwa mkono wa kulia.

Njia aliyoifyeka ilisafiri mbali. Watawala wa Kiingereza waliichunguza kwa ajili ya wakulima wa India waliozama katika madeni, na sheria ya vyama vya mikopo ya huko ilitungwa mwaka 1904. Kutoka India mfano huo ulivuka bahari. C. F. Strickland, ofisa aliyeushughulikia ushirika katika Punjab, aliandika ripoti juu ya ushirika na hali ya wakulima wa Zanzibar iliyochapishwa mwaka 1932, wakati ambapo wakulima wengi wa karafuu walikuwa katika madeni na mashamba yao yamewekwa rehani. Mwaka huo huo Tanganyika ilipata sheria yake ya vyama vya ushirika. Na mwaka 2016 UNESCO iliuingiza ushirika, kwa pendekezo la Ujerumani, katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Wala moyo wa jambo lenyewe si mgeni kwetu. Akina mama wanaocheza upatu wanajua tangu zamani kwamba uaminifu wa jirani ni mali. Tena dini haikumfundisha Raiffeisen peke yake kwamba mwenye dhiki ana haki juu ya mwenye nafasi. Alichokiongeza yeye ni daftari safi, mkutano wa wanachama, na ukaidi wa kutokubali kwamba maskini hawezi kuaminiwa.

Kwa hiyo twawaambia ndugu zetu watumishi wa serikali: msaada unapopita mikononi mwenu, msihesabu magunia tu. Ulizeni pia kama anayepokea ana sauti katika mgao, na kama mwakani atakuwa amesimama au angali amekaa akingojea. Nanyi wananchi wa visiwani, chama si mali ya serikali wala ya mfadhili. Anayekopa asirejeshe hamwibii tajiri wa mbali, humwibia jirani ambaye zamu yake ya kukopa haijafika. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wazee. Meya wa Weyerbusch alipata kumjua, na alichogundua ni kwamba mwenye njaa anahitaji mkate leo, na kesho anahitaji kuhesabiwa kuwa mtu wa kuaminika.