Nehemia: Mnyweshaji Aliyeomba Ruhusa Akajenge Ukuta



Biblia ina wanyweshaji wa wafalme kadhaa. Yupo yule wa Farao, ambaye Yosefu alimfasiria ndoto gerezani. Akatoka, akarudishiwa kazi yake, akamsahau Yosefu miaka miwili mizima. Yupo Ahikari katika kitabu cha Tobiti, aliyetumia nafasi yake ikulu kumwombea ndugu yake Tobiti arudi Ninawi. Leo tukae na mmoja tu, Nehemia, Myahudi aliyemhudumia Artashasta wa Kwanza, mfalme wa Waajemi, katika ngome ya Susa.

Kwanza, kazi yenyewe. Usimfikirie kama mhudumu wa baa. Xenophon, Mgiriki aliyeandika habari za Waajemi, anaeleza kwamba mnyweshaji alishika kikombe kwa vidole vitatu, na kabla ya kumpa mfalme alichota kidogo, akamimina kwenye kiganja chake cha kushoto, akanywa. Yaani kama kuna sumu, anaanza kufa yeye. Na hofu hiyo ilikuwa na sababu: baba yake Artashasta, Xerxes, aliuawa mwaka 465 KK na watu wa jumba lake mwenyewe. Mtu aliyerithi kiti kwa njia hiyo hampi kikombe chake mtu yeyote tu. Kwa hiyo Nehemia alikuwa mtu wa kuaminiwa sana, karibu na sikio la mfalme kuliko mawaziri wengi. Alikula vizuri, alilala vizuri. Angeweza kunyamaza hadi uzeeni.

Mwezi wa Kislevu ndugu yake Hanani akafika kutoka Yuda na habari mbaya. Nebukadneza alikuwa ameubomoa Yerusalemu zaidi ya miaka 140 nyuma, na bado ukuta ulikuwa magofu na malango yameteketea. Nehemia alikaa chini akalia, akafunga, akasali. Katika sala yake hakuwalaumu mababu peke yao. Alijitia na yeye mwenyewe kati ya waliokosa.

Halafu ikapita miezi kama minne. Hapa ndipo mimi huwa nasimama. Kila siku anapeleka divai, anatabasamu, anarudi chumbani kusali. Kwa nini asiseme mapema? Soma kitabu cha Ezra, sura ya nne: Artashasta huyuhuyu alikuwa ameshaamuru kazi ya Yerusalemu isimamishwe, baada ya kuandikiwa kwamba mji huo ni wa waasi. Kwa hiyo Nehemia alitakiwa kumwomba mfalme abatilishe neno lake mwenyewe. Hilo si ombi la kutupia mezani wakati wa chakula.

Mwezi wa Nisani, mwaka 445 KK, uso ukamsaliti. Mfalme akauona umekunjamana, akamuuliza ana nini, maana mgonjwa si mgonjwa. Nehemia mwenyewe anakiri kwamba aliogopa mno. Mnyweshaji mwenye huzuni mbele ya kikombe cha mfalme? Lolote lingeweza kufikiriwa. Akaeleza juu ya mji wa makaburi ya baba zake, bila hata kulitaja jina la Yerusalemu (mjanja!). Mfalme akauliza anataka nini. Kati ya swali hilo na jibu lake, Nehemia alisali. Sisi tuliosoma falsafa tungeweza kubishana jioni nzima kama sala ya sekunde tatu ni sala kweli. Yeye hakuwa na jioni nzima. Akaomba ruhusa, barua za kupita njiani, na mbao kutoka msitu wa mfalme. Akapewa vyote, na wapanda farasi juu yake.

Safari ilikuwa ya zaidi ya kilometa 1,000. Alipofika alikaa siku tatu kimya, kisha akatoka usiku na watu wachache kuukagua ukuta, hadi mahali ambapo mnyama wake alikosa pa kupita kwa wingi wa vifusi. Kazi yenyewe mnaijua: Sanbalati na Tobia wakidhihaki, wajenzi wakishika silaha, na ukuta ukaisha kwa siku 52.

Lakini katikati ya kazi kulitokea jambo ambalo mahubiri mengi hulipita. Maskini walilia, si juu ya maadui, bali juu ya Wayahudi wenzao. Walikuwa wameweka rehani mashamba ili wapate nafaka na kulipa kodi ya mfalme. Wengine watoto wao walikuwa tayari watumwa. Nehemia alikasirika. Akawaita wakubwa mbele ya watu wote, na hapo akakiri kwamba yeye na ndugu zake pia walikuwa wakiwakopesha watu fedha na nafaka. Akataka madai yaachwe na mashamba yarudishwe siku ileile. Na miaka 12 yote ya uliwali wake hakudai posho ya chakula aliyostahili liwali, ingawa mezani pake walikula watu 150, kila siku ng'ombe mmoja na kondoo sita. Divai nayo ilikuwepo, ya kila aina. Safari hii mwenye kunywesha wengine alikuwa akigharimia mwenyewe.

Tusimfanye malaika. Alikuwa na hasira kali. Alirudi kwa mfalme, na alipokuja Yerusalemu tena akakuta Tobia amepewa chumba ndani ya hekalu. Akavitupa nje vyombo vyake vyote. Wengine aliwapiga na kuwang'oa nywele, na hayo aliyaandika mwenyewe bila kuona haya.

Kitabu chake kinaishia kwenye mambo madogo kabisa: zamu za makuhani, kuni za madhabahu, malimbuko. Kisha anamwomba Mungu, kama alivyokwisha kumwomba mara kadhaa, amkumbuke.