Billy Meredith: Winga Aliyetoka Shimoni

Kidole kimoja hakivunji chawa. Neno hili la wahenga lawahusu wote walao kwa jasho lao, na mchezaji wa mpira naye ni mmoja wao. Ushahidi tunao katika maisha ya Billy Meredith, winga wa kulia aliyesifika mno huko Uingereza kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Meredith alizaliwa mwaka 1874 karibu na Chirk, katika Wales, nchi ya makaa ya mawe. Alipotimiza umri wa miaka 12 alikwisha kuingia mgodini. Mwaka 1894 alijiunga na Manchester City, lakini hakuliacha shimo upesi. Kwa muda aliendelea kufanya kazi mgodini huku akicheza mpira. Alikuwa fundi wa kuukokota mpira kando ya mstari, kijiti cha meno kinywani, kisha kuwamiminia wenzake langoni. Mwaka 1904 alifunga bao la pekee lililowashinda Bolton Wanderers na kuwapatia City Kombe la F.A.

Hata hivyo sifa haijazi chungu. Tangu mwaka 1901 sheria ya wakuu wa mpira ilikataza mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa juma, ilhali watazamaji walijaa viwanjani kwa maelfu. Wala hatutaficha aibu yake: mwaka 1905 alifungiwa kwa kutaka kumhonga mchezaji wa Aston Villa. Kwanza alikana, klabu yake ilipomtupa, alikiri, akafichua na malipo ya siri ya klabu hiyo. Dhiki haihalalishi rushwa, na adhabu ilimstahili.

Alirejea uwanjani Januari 1907, safari hii kwa Manchester United. Mwaka huo mwenzake, Thomas Blackstock, alianguka mchezoni akafa, na jamaa zake hawakupata fidia. Mwezi wa Desemba wachezaji walikutana mjini Manchester, Meredith akiwa mwenyekiti wa mkutano, wakaunda chama chao cha wafanya kazi.

Aprili 1909 United walitwaa Kombe. Miezi michache baadaye wakuu wa mpira waliwaamuru wachezaji wote wajitoe katika chama hicho, la sivyo wafungiwe. Wengi waliogopa wakajitoa. Meredith na wenzake wa United walikataa. Mishahara yao ikazuiwa; wakafanya mazoezi peke yao, wakijiita Waliotengwa. Msimu ulipokaribia kuanza, wakuu walilegea: chama kikatambuliwa, na mishahara iliyozuiwa ikalipwa. Lakini hawakupata yote. Chama hakikuruhusiwa kuungana na vyama vya wafanya kazi wengine, na kikomo cha mshahara kikabaki.

Meredith alicheza hadi mwaka 1924, akikaribia umri wa miaka 50, naye aliichezea Wales mara 48. Alifariki Aprili 1958, akazikwa katika kaburi lililokaa bila jiwe la jina hadi mwaka 2001. Kikomo cha mshahara kiliondolewa Januari 1961, miaka mitatu haijatimia tangu afe.

Ndugu wafanya kazi, aliyepanda mti si lazima aonje tunda lake. Meredith hakulionja, waliomfuata walilila. Basi tulipapo ada ya chama na kuhudhuria mikutano yake, tukumbuke kwamba twawapandia na wale watakaokuja baada yetu.