George Adamson: Baba ya Simba na kiko chake

Marehemu George Adamson, aliyefahamika kama Baba ya Simba, alizaliwa India mwaka 1906 na kufika Kenya mwaka 1924. Mwaka 1938 alijiunga na Idara ya Wanyamapori, akahudumu katika nyika ya kaskazini. Ni mjini Garissa, Krismasi ya mwaka 1942, alipokutana na Joy, aliyekuja kuwa mkewe.

Mwaka 1970 alihamia Kora, kando ya Mto Tana. Jioni, joto lilipopungua, alizoea kuketi nje na kiko mdomoni, akiwangoja simba aliowalea.

Majangili walipozidi, hakuhama. Agosti 20, 1989, akiwa na miaka 83, aliuawa pamoja na wafanyakazi wake wawili walipokwenda kumwokoa mgeni aliyevamiwa na majambazi. Alizikwa papo hapo Kora, kando ya nduguye Terence.